Saba kwa Nane

Spidi alizaliwa na miezi saba, na tangu siku hiyo hajawahi kusubiri kitu. Mama yake ndiye aliyekuwa akisema hivyo, tena mbele za watu, naye Spidi akilipokea neno hilo kama sifa. Hata jina la Spidi alijipa mwenyewe. Watu wengine hupewa majina ya utani na wenzao. Yeye aliona wenzake wanachelewa.

Alikuwa mtu wa kumalizia watu sentensi zao, na mara nyingi akizimalizia vibaya. Chai aliinywa ikimuunguza ulimi, kisha akalalamika kuwa haina ladha. Filamu aliziruka katikati ili aone mwisho, halafu akauliza yule aliyekufa ni nani. Na ujumbe wa sauti, hata uwe wa mama yake mzazi, aliusikiliza kwa mwendo maradufu, watu wakilia kama vifaranga sikioni mwake. Akiona umekuwa mrefu aliukata katikati na kujibu kwa alama ya kidole gumba. "Mtu akishindwa kusema la maana mwanzoni," alikuwa akijitetea, "mwishoni hatalisema."

Mtu wa namna hiyo ungemficha mbali na mashine. Yeye akawa fundi wa kompyuta.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la vioo. Ndani mlikuwa na meza ndefu, bisibisi zisizokaa mahali pake, nyaya zilizofungana mafundo, na lundo la feni zilizokufa ambazo aliapa atazifufua. Juu ya mlango alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake, herufi zikiwa zimeinama mbele kama zinakimbia: HAIGANDI. Maana ujuzi wake mkubwa, au tuseme majivuno yake makubwa, ulikuwa kuongeza kasi.

Prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, hutoka kiwandani ikiwa imepangiwa mwendo wake. Anayejua kazi anaweza kuingia kwenye mipangilio ya mashine kabla haijawaka sawasawa, akauongeza huo mwendo, akaongeza na volti kidogo ili ubebeke, akafunga feni kubwa zaidi ili chipu isijichome. Si uchawi wala si dhambi. Lakini kazi hiyo ina adabu yake. Unaongeza kidogo, unapima. Unaongeza tena kidogo, unapima tena. Ukifika unapotaka, unaiachia programu ya majaribio iitwange mashine kwa saa nyingi, nawe unatazama joto na kutafuta kosa. Spidi alizipenda hatua zote hizo isipokuwa za kupima, ambazo ukihesabu vizuri ndizo karibu zote.

Kwake mtihani ulikuwa mmoja tu: imewaka? Ikiwaka, imekubali. Mteja akiwa mbishi alimfungulia programu ya majaribio kwa muda wa kumeza glasi ya maji, kisha akaipiga mashine kofi la ubavuni na kusema, "Chukua mali yako. Haigandi hii!" Mashine zikirudi zimeganda, na zilirudi, kosa lilikuwa la umeme, au la virusi, au la vumbi. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitabu aliyeambiwa ana mkono mzito kwenye vitufe. Aliondoka akiomba radhi, masikini, na kompyuta yake mbovu kwapani.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo fundi mwingine, ambaye Spidi alimbandika jina la Konokono. Usidhani Konokono alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa kuchosha kupita kiasi. Ukimuuliza saa ngapi, alianza kwa kukueleza betri ya saa. Kabla ya kusema neno aliinua kidole juu, na mteja aliyekiona kile kidole alitafuta pa kukaa. Mashine aliyoiongeza kasi aliiacha ikipimwa tangu anafungua mpaka anafunga, yeye ameikodolea macho kana kwamba itatoroka. Bahati mbaya, huyo Konokono alikuwa anajua anachosema. Mtu anayekuchosha halafu akawa sahihi ni adhabu, na Spidi aliishi akitazamana na adhabu yake kila siku.

Basi Spidi akapata prosesa mpya yenye viini vinane, yaani kama mafundi wanane wanaofanya kazi nyumba moja. Akaona kwenye mtandao mtu fulani aliyeifikisha chipu kama ile kwenye mwendo wa ajabu. Mwenye akili angeanza chini na kupanda polepole. Spidi alinakili tarakimu za yule mtu kama zilivyo, mwendo na volti, akaruka mara moja mpaka juu, mashine ikawaka, akatoka nje kuita watu.

Konokono naye akavuka barabara aone. Kidole kikapanda.

"Chipu hazifanani, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja," alisema. "Ya yule imeubeba mwendo huo. Yako hujui. Umeipima?"

"Tazama mwenyewe," Spidi akasema, akafungua programu ya majaribio.

Mistari minane ikaanza kukimbia kwenye kioo, kila kiini na wake. Haukupita muda, mmoja ukasimama na kuwa mwekundu. Chini yake paliandikwa kwamba jibu la hesabu halikulingana na lile lililotarajiwa. Ile mingine saba iliendelea kukimbia.

"Kimoja kimekosea," alisema Konokono.

"Saba vimefaulu! Saba kwa nane, mzee. Shuleni hilo ni daraja la kwanza. Wewe uliwahi kulipata?"

Konokono hakucheka. Hakuwa na kawaida hiyo. "Prosesa haisahihishwi hivyo. Kiini kinachokosea hakikai pembeni kikaona aibu. Kinaendelea kupewa kazi, na kinaendelea kuandika majibu ya uongo. Ingekuwa inaganda ungeshukuru, maana ungejua. Hii haigandi, inadanganya. Shusha mwendo, pima upya, uiache mpaka kesho."

"Konokono, rudi kwenye gamba lako," Spidi akamwambia, akaufunga ule ukurasa wenye mstari mwekundu. Akacheka peke yake mpaka mwenzake alipofika ng'ambo.

Sasa, mama yake Spidi. Alikuwa amefundisha hesabu shule ya msingi mpaka akastaafu, na alikuwa na ulimi mkali ambao haukustaafu. Aliishi kwa Dada, mkubwa wake Spidi, mshonaji wa sare za shule. Katika koo lake kulikuwa kumeota kitu kibaya, na madaktari walisema hakuna njia nyingine: watakitoa pamoja na sehemu yote inayotoa sauti. Atapona, lakini hatasema tena. Mama alilipokea jambo hilo kwa dharau, kama alivyopokea mengi. "Nimepiga kelele darasani maisha yangu yote," alisema. "Acha koo likae likizo."

Lakini Dada alimjua mama yake, akajua anajikaza tu. Akaanza kumrekodi kwa simu. Kila jioni Mama aliketi karibu na cherehani, akasoma hadithi za wajukuu, akaimba nyimbo za kuwalaza, akazitaja hesabu za kuzidisha kwa sauti yake ya darasani. Kila mjukuu alimwita kwa jina na kumwambia neno lake. Kulikuwa hata na maneno kwa wajukuu ambao hawajazaliwa. "Maana na Spidi naye," alisema humo, "siku moja atachoka kukimbia aoe." Dada alipozisikiliza zote, zilikuwa nzuri, ila nyuma ya sauti ilisikika mashine ya maji ya jirani ikinguruma.

Siku chache kabla ya upasuaji akampelekea Spidi ile simu karakana.

"Nitolee hayo makelele tu, halafu uzihifadhi. Na nisikilize vizuri, mdogo wangu. Hakuna nakala nyingine. Hii ndiyo sauti ya Mama, yote imo humu. Umenisikia?"

"Dada, nimekusikia kabla hujasema."

"Kama mashine yako haijatulia, nimpelekee yule wa ng'ambo."

Hapo ndipo alipomchoma. "Yule? Mpaka amalize, Mama atakuwa ameshapona, amezeeka na kuolewa tena! Nenda sokoni, ukirudi utazikuta tayari."

Kazi ile kwa mwendo wa kiwandani ingechukua siku nzima, na hakuna ambaye angekufa kwa kuisubiri. Angeweza pia kubonyeza mara chache tu, prosesa ikarudi kwenye mwendo wake wa kuzaliwa. Hakufanya hivyo, kwa sababu kwake kupunguza mwendo ni kuvuliwa nguo hadharani. Tena hakuzinakili sauti. Alizihamisha, zikaondoka kwenye simu kabisa, maana kunakili kwanza na kufuta baadaye ni kazi mbili. Na zilipokuwa zinasafishwa aliiamuru programu iandike juu ya zile za asili. Feni zilivuma, kioo kilionyesha kazi inavyokwenda, viini vyote vinane vilikuwa mbioni. Mashine haikuganda hata mara moja. Spidi alikaa amekunja mikono, kichwa kimemvimba.

Ilipomaliza alifungua sauti ya kwanza. "Haya, kaeni chini," Mama akasema, safi kabisa, bila mngurumo wowote. Spidi akaifunga.

Dada aliporudi na kikapu chake aliuliza, "Zote ziko sawa? Umezisikiliza?"

"Zote."

Huo ulikuwa uongo, na tuuite kwa jina lake. Siku ile Mama bado alikuwa na sauti. Siku ile kila kitu kingeweza kurekodiwa upya.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mama alirudi nyumbani akipumulia tundu shingoni, amelifunika kwa skafu nyepesi. Alipotaka jambo aligonga meza kwa kifundo cha kidole, kama zamani alivyogonga ubao, na nyumba nzima ikanyamaza. Alipopata nguvu, Dada akasema sasa wakae wote wasikilize. Spidi akaja na mashine yake begani na spika mbili kubwa. Kabla ya kuiwasha alitoa hotuba. Aliwaeleza shemeji yake na wapwa zake ni mwendo gani, ni nani ameufikia na ni wangapi wameshindwa. Mama akagonga meza. Spidi akabonyeza.

"Haya, kaeni chini," sauti ya Mama ikasema, na watoto wakakaa kweli. Kisha ukaja mkwaruzo kama shuka inayochanwa. Kisha kimya. Kisha kipande cha neno, kisha mluzi mkali uliowafanya watoto wazibe masikio. Spidi akafungua ya pili. Hesabu za kuzidisha zilikwenda hatua chache, zikaingia kwenye kishindo na hazikutoka. Ya tatu ikakataa kufunguka. Ya nne ilikuwa ya kitinda mimba wa Dada; jina lake likakatika katikati, likageuka mlio. Mtoto akamtazama bibi yake, akauliza, "Bibi, ulikuwa unalia?"

"Simu yako ilirekodi vibaya," Spidi akasema haraka.

"Nilizisikiliza zote kabla sijakupa," Dada akajibu. Alikuwa bado anasema taratibu.

"Basi umeme. Siku ile umeme ulikuwa unacheza. Au kirusi, simu hizi zina virusi..."

"Spidi."

"Au spika."

Dada alimwambia mumewe akamwite Konokono. Konokono alikuja na viatu vyake vya karakana, akasikiliza kidogo, akafungua programu ya majaribio. Mistari minane ikakimbia. Mmoja ukasimama, mwekundu, ule ule. Safari hii hakuinua kidole, na ndipo Spidi alipoogopa kweli.

"Kilikuwa kinakosea tangu siku ile," alisema kwa sauti ya chini. "Kila kipande cha sauti kilichopita kwake kimeandikwa kosa. Na vipande vyote vimechanganyika." Akaiomba simu ya Dada, akahangaika nayo, labda zile za asili zimebaki mahali. Lakini baada ya upasuaji Dada alikuwa amepiga video nyingi hospitalini, nazo zimeandikwa juu ya zile sauti. Akamrudishia simu, akamgeukia Mama. "Samahani, mama."

Mama akagonga meza. Akaonyesha ule mstari mwekundu, akageuza kiganja juu: ni nini hiki?

Konokono akamtazama Spidi. Spidi akatazama sakafu. Kwa hiyo Konokono akaeleza mwenyewe. Viini saba vilitoa jibu sahihi, kimoja kikakosea, naye fundi akasema saba kwa nane ni daraja la kwanza.

Mwalimu wa hesabu alimtazama mwanawe. Alimtazama vile mwalimu anavyomtazama mtoto kabla ya kumrudishia daftari, na Spidi, mwanaume mzima mwenye ndevu, alitamani kofi kuliko macho yale.

"Hatuna hata neno moja," Dada akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka. "Hata neno moja la Mama."

Mama akagonga tena. Akanyoosha mkono kwa Spidi, kiganja wazi, akauonyesha kwa kidole mfuko wa shati lake. Simu.

Dada ndiye aliyeelewa kwanza. Mama aliishi naye chumba kwa chumba. Hakuwahi kuwa na sababu ya kumtumia ujumbe wa sauti. Mtu pekee aliyehitaji kutumiwa ni yule asiyekuja na asiyepokea. Akaichukua simu, akafungua. Zilikuwa zimejipanga, ndefu na fupi, nyuma mpaka kidole kikachoka kuzisogeza. Akabonyeza moja, na kifaranga kikalia chumbani. Watoto wakaangua kicheko. Dada akatafuta pa kupunguzia mwendo, akapunguza, akaanza upya.

"We mtoto, umekula?" Mama akasema.

Ilikuwa sauti yake hasa, nzito, yenye kukwaruza kidogo, na kijembe kimekaa tayari.

"Umekula nauliza. Na usinijibu kwa kidole, sikuzaa kidole."

Dada akabonyeza nyingine. "Nimekupigia, umekata. Mimi si mteja wako, mimi huniambii ni virusi." Nyingine. "Ile taa uliyonitengenezea imewaka, ukasema imekubali, ukaenda zako. Ilipokuona umepinda kona ikazima. Hata taa inakujua." Nyingine. "Jirani ananiuliza mwanao anafanya kazi gani. Nimemwambia anakimbia." Watoto walikuwa wanagaagaa chini. Konokono, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango ili aondoke, alitoa mlio ambao ulikuwa karibu sana na kicheko. Mama mwenyewe alicheka mabega yakitikisika, bila sauti yoyote, mkono kwenye skafu.

Na Spidi je? Spidi alivuta pumzi, akaona mlango wa kutokea, akautumia. "Si mnaona?" alisema. "Nani ameihifadhi sauti ya Mama? Mimi! Zote ninazo, sikufuta hata moja." Kuna watu hata ukiwatoa shimoni watadai walishuka kuchunguza.

"Imebaki ya mwisho," Dada akasema. "Ni ya jioni ile kabla ya upasuaji."

Akabonyeza.

"Mwanangu, kesho asubuhi wananiingiza chumba cha upasuaji. Dada yako ameshaniandalia kila kitu, sina shida. Najua unanisikiliza mbio, kwa hiyo nasema polepole makusudi."

Hapo ndipo Spidi alipoikata jioni ile. Hana shida, alijiambia, kila kitu kimeandaliwa. Dada hakuikata.

"Njoo leo. Usilete kitu, usitengeneze kitu. Kaa tu hapa pembeni ya kitanda, nikuite jina lako, lile nililokupa mimi, si hilo la mbio. Nikuite uitike nikuone. Nataka neno la mwisho la koo hili liwe hilo. Sitaki kulisema kwenye simu. Nakusubiri, mwanangu. Hata ukichelewa."

Ujumbe ukaisha. Watoto wakamtazama mjomba wao. Dada alikuwa anakumbuka kwamba jioni ile Mama aliomba mlango wa chumba cha wagonjwa uachwe wazi, na hakusema kwa nini. Kisha akaona kilichokuwa chini ya ujumbe, akaigeuza simu ili na wengine waone. Palikuwa na jibu la Spidi. Kidole gumba.

"Mama," Spidi akasema. "Mimi nilidhani..."

Akasita. Alingoja mtu amsaidie. Chumba kilijaa watu aliowamalizia sentensi maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyemmalizia yake.

Mama akaichukua simu kwa Dada, akaitazama kwa muda, akaiweka mezani. Halafu akamgeukia mwanawe, akamnyooshea kidole gumba.